Vipokezi vya kelele ndogo vya kusikiliza anga za mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwenye picha ya kituo cha mawasiliano ya anga za mbali, macho huenda kwenye dishi. Dishi la mita 70 si kitu cha kupita bila kukitazama. Lakini maswali mengi ninayoulizwa, mtu akishamaliza kulishangaa dishi, huishia kwenye kopo la chuma lililofichwa katikati yake, yaani kipokezi chenyewe, ambalo likizimwa dishi lote linabaki kuwa paa lililogeuzwa. Maswali nimeyaweka kwa jinsi yanavyokuja, hayana mpangilio mwingine.

Kipokezi cha kelele ndogo ni kitu gani hasa?

Ni mlango wa kwanza wa umeme ambao mawimbi hukutana nao baada ya dishi kuyakusanya. Kuna honi, yaani faneli ya chuma, inayoyapokea, kipande kifupi cha bomba la kuyapitisha, kisha amplifaya ya kwanza inayoyakuza mara elfu moja au zaidi kabla hayajapelekwa kwenye mitambo mingine. Usidhani sifa yake ni kukuza sana. Kukuza ni kazi rahisi, hata kifaa cha dishi la televisheni kinakuza. Sifa yake ni kukuza bila kutia cha kwake, au kwa kutia kidogo mno.

Hiyo kelele ni sauti? Inatoka wapi?

Si sauti. Ni umeme mdogo usio na mpangilio, na unatokana na joto. Elektroni ndani ya kitu chochote chenye joto hazitulii, na kule kutikisika kwao kunatoa mawimbi ya redio. John B. Johnson aliupima mtikisiko huo kwenye maabara za Bell, Harry Nyquist akauwekea hesabu, na makala zao zikachapishwa mwaka 1928. Hesabu yenyewe ni fupi: nguvu ya kelele ni joto, mara upana wa masafa unayosikiliza, mara namba ya Boltzmann, ambayo ni namba ya fizikia isiyobadilika. Shaba, udongo, majani, kiganja chako, hesabu haijali. Ilimradi kitu kinanyonya mawimbi badala ya kuyaakisi, vyenye joto sawa vinatoa kelele sawa.

Ubaya ni kwamba kelele ikishaingia pamoja na ishara, amplifaya haichambui pumba na mchele. Inakuza vyote kwa kiwango kimoja.

Mbona kelele inatajwa kwa kelvini, kama halijoto?

Kwa sababu ya hesabu hiyo hiyo. (Kelvini ni nyuzi za joto zinazohesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa; chumba cha kawaida ni kama 300.) Tukisema amplifaya ina joto la kelele la kelvini 10, hatuna maana kwamba ukiigusa itakuwa na ubaridi huo. Maana yake ni kwamba kelele inayoongeza ni sawa na ile ambayo kitu chenye kelvini 10 kingeitoa kama kingewekwa mlangoni pake.

Wauzaji wa vifaa hupenda desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu. Desibeli 3 za kelele ni kelvini 290, desibeli 1 ni kama kelvini 75, na desibeli 0.1 ni karibu kelvini 7. Utaona kwamba huku chini, ambako ndiko tunakoishi sisi, desibeli zote zinabanana karibu na sifuri na hazisemi kitu. Kelvini zinajumlishwa kama hesabu ya dukani: anga imeleta ngapi, ardhi ngapi, bomba ngapi, amplifaya ngapi, halafu unapiga mstari chini na kupata jumla. Jumla hiyo huitwa joto la mfumo, na kwenye antena nzuri, hali ya hewa ikiwa safi, huwa ni kama kelvini 20.

Ishara ya Voyager 1 inafika ikiwa dhaifu kiasi gani?

Swali hili linastahili hesabu, na hesabu haihitaji zaidi ya kalamu.

Voyager 1, chombo cha anga cha NASA, ilirushwa mwaka 1977. Sasa iko umbali wa kilomita bilioni 25 hivi. Redio yake hutoa takriban wati 20, na dishi lake la mita 3.7 huzielekeza zote upande wetu. Hata hivyo, zikifika huku zimetawanyika kwenye eneo kubwa kuliko Dunia yenyewe, na dishi la mita 70 linaambulia karibu nusu ya wati moja iliyogawanywa kwa bilioni ya bilioni. Kwa lugha ya wahandisi, kama 4 × 10⁻¹⁹ za wati.

Chombo hicho kwa kawaida hutuma biti 160 kwa sekunde. Gawa nguvu hiyo kwa 160, na kila biti inapata jouli 2.5 × 10⁻²¹. Sasa tazama upande wa kelele. Mfumo wenye kelvini 20 unatoa kelele ya jouli 2.8 × 10⁻²² kwa kila hezi moja ya upana wa masafa. Kwa hiyo biti inakuja na nguvu karibu mara tisa ya kelele, na inasomeka vizuri.

Badilisha kitu kimoja tu. Acha dishi, acha chombo, acha umbali, ila weka mfumo wenye kelvini 300. Kelele inapanda hadi 4.1 × 10⁻²¹ na biti inazama ndani yake. Ili uisome kama mwanzo ingebidi chombo kipunguze mwendo hadi biti 10 hivi kwa sekunde. Mara kumi na tano zote zimepotea kwa kukosa ubaridi peke yake.

Si wangejenga tu dishi kubwa zaidi?

Wamejaribu njia hiyo pia. Mtandao wa NASA wa anga za mbali una vituo vitatu: Goldstone kwenye jangwa la Mojave huko California, Robledo de Chavela karibu na Madrid, na Tidbinbilla karibu na Canberra. Vimepangwa kwa umbali wa karibu nyuzi 120 za longitudo, ili Dunia ikizunguka kila chombo kiwe na kituo kinachokiona. Kila kituo kilikuwa na dishi la mita 64, na katika miaka ya 1980, kabla Voyager 2 haijafika Neptuni mwaka 1989, madishi hayo yakapanuliwa hadi mita 70.

Kwa eneo peke yake, mita 64 kwenda 70 ni ongezeko la asilimia 20 hivi. Ni ongezeko lile lile unalolipata ukishusha joto la mfumo kutoka kelvini 24 hadi 20. Upande mmoja ni kukata na kuunga chuma kwenye mtambo wa kuzunguka wenye uzito wa zaidi ya tani elfu mbili. Upande wa pili ni kelvini nne. Na ukitaka kupata kwa dishi kile unachokipata kwa kupunguza kelele nusu, mita 70 zinabidi ziwe 99. Sijui mtu anayetamani kulijenga dishi la kugeuka la ukubwa huo ikiwa kuna njia nyingine.

Kwa nini mnahangaika na amplifaya ya kwanza tu, na si zile za nyuma?

Chukua amplifaya ya kwanza yenye kelvini 5 inayokuza mara elfu. Ifuatishe na nyingine ya kawaida kabisa, isiyopozwa, yenye kelvini 300. Kelele ya hii ya pili inaingia wakati ishara tayari imekwisha kukuzwa, kwa hiyo ukiirudisha mlangoni kwa hesabu unaigawa kwa elfu: inakuwa kelvini 0.3. Ya tatu haina hata haja ya kuhesabiwa.

Kinachouma ni kile kilicho mbele ya amplifaya ya kwanza, maana chochote kinachonyonya ishara kinatoa kelele pia. Kipande cha bomba chenye joto la kawaida kinachopoteza desibeli 0.1 tu, upotevu ambao kwenye kazi nyingine za redio hakuna anayeuuliza, kinaongeza karibu kelvini 7. Umenunua amplifaya ya kelvini 5, umeipoza kwa gharama, kisha kiungo kimoja kilichokazwa vibaya kinaleta zaidi ya amplifaya nzima! Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hufuta nyuso za viungo kwa pamba na pombe kali, na hawapendi kuona mtu anaweka kidole ndani ya bomba.

Ndani ya kopo kuna nini?

Kwa nje ni silinda ya chuma ambayo unaweza kuikumbatia, yenye mabomba mawili ya heliamu yanayokwenda kwenye kompresa. Ukisimama karibu unasikia jokofu lake likifanya kazi, mpigo kama wa kupumua kwa shida, karibu mmoja kwa sekunde, mchana na usiku. Fundi aliyezoea huutambua ukibadilika kabla hata ya kutazama kipimo.

Hewa yote imetolewa ndani, kwa sababu hewa hubeba joto na, mbaya zaidi, hugandia kwenye vitu vya baridi. Kuna ngao ya kwanza yenye kelvini kadhaa makumi, na ndani yake bamba la shaba lenye kelvini 12 hadi 15. Amplifaya imefungwa kwenye bamba hilo. Yenyewe ni kisanduku kilichopakwa dhahabu cha kutosha kiganjani, kina transista chache tu.

Kazi ngumu ya usanifu iko kwenye njia za kuingia na kutoka. Ishara inatakiwa ipite kutoka nje penye kelvini 300 hadi ndani penye 15, lakini joto lisipite. Shaba nene inapitisha ishara vizuri na joto vizuri vilevile. Chuma cha pua chembamba kinazuia joto lakini kinakula ishara. Hivyo watu hutumia bomba la chuma cha pua lililopakwa shaba nyembamba ndani, au huacha pengo dogo la ombwe ambalo mawimbi yanalivuka na joto linashindwa. Dirisha la kuingilia huwa utando mwembamba wa plastiki ulioegemezwa kwenye povu, na utando huo ndio unaozuia hewa yote ya dunia isiingie. Kulipoza kopo zima huchukua saa nyingi, hivyo hakuna anayelifungua kwa udadisi.

Maseri ni nini, na bado zinatumika?

Jina nimeliandika hivyo makusudi; ukifuata njia tuliyoipata leza utaishia kwenye meza. Maseri ni mtangulizi wa leza anayefanya kazi kwenye mawimbi ya redio. Charles Townes na wenzake walionyesha ya kwanza mwaka 1954, na mwaka 1964 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Nikolay Basov na Aleksandr Prokhorov. Kwenye vituo vya anga za mbali zilitumika maseri za fuwele ya yakuti nyekundu ndani ya sumaku, zikipozwa kwa heliamu hadi karibu kelvini 4. Kwa kelele hazikuwa na mpinzani. Kwa matunzo zilikuwa kama mgonjwa mahututi: upana wa masafa mdogo, sumaku nzito, na jokofu lenye hatua nyingi za kuharibika.

Kilichozisukuma pembeni ni transista aina ya HEMT, ambamo elektroni hupita kwenye tabaka jembamba lisilo na atomi za kigeni za kuzigonga njiani. Takashi Mimura wa Fujitsu ndiye aliyeibuni, mwaka 1979. Ikipozwa hadi kelvini 15 kelele yake hushuka kama mara kumi ikilinganishwa na joto la chumba. Ilipokuja kazi ya Neptuni mwaka 1989, antena 27 za Very Large Array huko New Mexico ziliwekewa vipokezi vya HEMT ili zisaidie Goldstone kusikiliza.

Usizichanganye na maseri za hidrojeni, ambazo bado zipo kila kituo. Hizo hazikuzi ishara. Ni saa.

Kwa nini wasishushe hadi karibu na sifuri kabisa?

Kwa transista, faida inakwisha mapema. Chini ya kelvini 10 hivi inajipasha yenyewe kwa umeme wake, na jokofu halina njia ya kulifikia joto hilo ndani ya tabaka jembamba kiasi kile. Halafu kuna sakafu ambayo hakuna fundi anayeivunja: sheria za kwanta zinaitaka amplifaya ya kawaida iongeze kiasi fulani cha kelele, ambacho kwa masafa ya 8.4 GHz (gigahezi 8.4) hakifiki hata nusu kelvini. Tuko juu ya sakafu hiyo, lakini ukitazama jumla ya kelvini 20, amplifaya si mshitakiwa mkuu tena.

Mshitakiwa mkuu ni nani sasa?

Ni kila kitu kinachoizunguka. Hewa ya juu inachangia kelvini mbili au tatu ukitazama moja kwa moja utosini, kwa 8.4 GHz. Ukiinamisha dishi hadi nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, unapita kwenye hewa iliyo nene karibu mara sita, na mchango unapanda kwa kiasi hicho. Ardhi nayo ina kelvini 290, kwa hiyo asilimia moja tu ya usikivu wa antena ikimwagikia chini pembeni mwa dishi, umeongeza kelvini 3.

Halafu kuna kelvini 2.7 ambazo hazitoki popote karibu. Arno Penzias na Robert Wilson walizikuta mwaka 1964 kule Holmdel, New Jersey, kwenye antena ya honi iliyojengwa kwa ajili ya puto la mawasiliano la Echo. Walikuwa na kipokezi cha maseri na hesabu iliyonyooka ya kila kelvini, isipokuwa kama tatu na nusu, kwa kipimo chao cha wakati ule, zilizozidi. Wakashuku viungo, wakavibandika utepe. Wakashuku njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani ya honi, wakawaondoa na kusafisha kinyesi. Kelvini zikabaki. Ulikuwa mnururisho uliosalia kutoka utoto wa ulimwengu, na mwaka 1978 wakapewa Nobel. Mimi hukipenda kisa hiki kwa sababu ya uhasibu wake: mtu asiyejua kelvini zake zinatoka wapi angesema kifaa kina hitilafu na kuendelea na kazi.

Kwa nini masafa ya 8.4 GHz ndiyo yanayotajwa sana?

Chini sana, Njia Nyeupe yenyewe inapiga kelele. Karl Jansky aliisikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye masafa ya megahezi 20 hivi. Juu sana, mvuke wa maji unakula mawimbi karibu na 22 GHz na oksijeni karibu na 60. Katikati kuna dirisha. Vyombo vya zamani vilitumia 2.3 GHz, vingi vya sasa hutumia 8.4, na vipya vinaongeza 32, ambako dishi lile lile la chombo hubana mwale vizuri zaidi. Bei ya 32 ni mvua. Wingu zito linaweza kuongeza makumi ya kelvini, na ubaridi wote wa kopo ukawa bure kwa mchana ule. Hata kwenye 8.4, maji yakituama juu ya kifuniko cha honi unayaona kwenye kipimo papo hapo, ndiyo maana kuna feni ya kuyapuliza.

Jua au Mwezi ukipita nyuma ya chombo?

Mwale wa dishi la mita 70 kwenye 8.4 GHz ni mwembamba sana, kama sehemu moja ya kumi na tano ya upana wa Mwezi. Mwezi ukikaa nyuma ya chombo unaujaza wote, na kelvini 20 zinakuwa zaidi ya 200. Jua ni balaa zaidi. Mars ikipita nyuma ya Jua, jambo linalotokea kila baada ya miezi 26 hivi, wanaoendesha vyombo vya huko huacha kutuma amri kwa wiki mbili.

Antena ile ile hutuma kilowati 20 huku inasikiliza. Kipokezi hakiungui?

Kinalindwa na vichujio, na masafa ya kutuma yamewekwa mbali kidogo, kama 7.2 GHz kwenda na 8.4 kurudi. Ila vichujio hivyo vinakaa mbele ya amplifaya, na umeshaona hapo juu kinachotokea kwa chochote kinachokaa mbele. Ndiyo sababu antena nyingi zina njia ya kusikiliza tu, bila vichujio vya kutuma, na zinaitumia ishara ikiwa mahututi.

Galileo, chombo kilichotumwa Jupita, ndiyo mfano wake. Antena yake kubwa iligoma kufunguka mwaka 1991, ikabaki antena ndogo ya 2.3 GHz, na kasi iliyokusudiwa kuwa biti 134,000 kwa sekunde kutoka Jupita ikaanguka hadi kati ya 8 na 160. Iliokolewa na programu mpya za kubana data, kuunganisha madishi kadhaa yasikilize kama moja, na kipokezi maalumu cha kusikiliza tu kilichowekwa kwenye dishi la mita 70 huko Canberra. Sehemu kubwa ya malengo ya safari ilitimia.

Leza zikija, haya yote yatatupwa?

Chombo cha Psyche, kilichorushwa Oktoba 2023, kilituma video kwa leza kutoka kilomita milioni 31 kwa megabiti 267 kwa sekunde, ikapokelewa na darubini ya Palomar. Ni kasi ambayo redio haiigusi. Lakini wingu moja linaifunga, na chombo kilichopoteza mwelekeo hakiwezi kulenga leza. Redio itabaki kwa simu za dharura. Na hata kipokezi cha leza kinapozwa, tena kuliko chetu.

Mtu binafsi anaweza kujaribu?

Voyager hapana, labda uwe na dishi kubwa la kuazima: wapenzi wa redio waliisikia kwa dishi la mita 20 la Bochum, Ujerumani, mwaka 2006, na kwa la mita 25 la Dwingeloo, Uholanzi, mwaka 2024. Vyombo vinavyozunguka Mars vinasikika kwa dishi la mita chache, wimbi lao tupu la kubebea tu, bila data.

Kuelewa kelele kunahitaji kidogo kuliko hapo. Chukua kichwa cha dishi la televisheni ya setilaiti na kipimo cha nguvu ya ishara. Usiamini lebo inayosema desibeli 0.1, hizo zingekuwa kelvini 7, na hicho hakina jokofu. Kadiria 50. Kielekeze juu kwenye anga tupu, mbali na miti na setilaiti, usome kipimo. Kisha funika mdomo wake kwa kiganja. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza sindano iliruka kiasi cha kunifanya nitazame nyaya, nikidhani nimeziachia. Nikaondoa mkono, ikashuka. Nikaurudisha, ikapanda. Ulikuwa mkono wangu tu, kelvini 300 na ushei, ukisikika kwenye redio.